Miaka sita ya mkorogo, na nilichojifunza kuhusu ngozi

Siku ya tisa baada ya kujifungua kwa upasuaji, mshono wangu uliachia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nyumbani Mbagala, namnyonyesha mwanangu, nikahisi gauni limelowa. Nilidhani ni maziwa. Mama alipofunua akanyamaza kimya, akachukua khanga akanifunga tumbo, akamtuma mdogo wangu akaite bajaji.

Hospitalini nesi aliyenisafisha kidonda aliivuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ili mama asisikie: "Mdogo wangu, unapaka nini?" Nikamjibu napaka losheni ya kawaida. Nilimdanganya mtu aliyekuwa anahangaika kunisaidia. Hiyo ilikuwa 2019, na mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua ngozi, nilikuwa nimeanza 2013.

Naandika haya kwa sababu ya mabinti wanaokuja kununua vitenge dukani Kariakoo ninapofanya kazi. Wengine harufu ya mkorogo inaniambia kabla sijamtazama mtu usoni. Siwasemi vibaya, kwani najua walipo. Ninachotaka wajue ni kile ambacho mimi hakuna aliyeniambia nikiwa na miaka ishirini na mbili: kitu wanachokisugua kila usiku kinaingia wapi na kinafanya nini huko.

Mimi nilianza kwa ajili ya kicheni pati ya rafiki yangu. Dada mmoja alinichanganyia krimu tatu na tyubu moja nyeupe ndani ya kopo lisilo na lebo, akaniambia nipake asubuhi na usiku. Wiki ya pili watu wakaanza kuniambia nimetakata. Chunusi zikapotea, uso ukawa laini kama wa mtoto. Ile sifa ndiyo iliyonifunga. Ulaini ule, nimekuja kujua, ulitokana na steroidi iliyokuwa kwenye tyubu. Ni dawa halali kabisa ya ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, ambayo daktari humpa mgonjwa apake sehemu ndogo kwa siku chache au wiki chache. Mimi niliipaka mwili mzima kwa miaka.

Daktari wa ngozi niliyepelekwa kwake baada ya kile kidonda alikuwa mama mtu mzima mwenye subira. Hakunigombeza. Aligeuza karatasi akachora matabaka matatu, moja juu ya jingine, akasema, "Mwanangu, kabla hatujaongea dawa, ujue kwanza umeharibu nini na hujaharibu nini." Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Tabaka la juu linaitwa epidemisi, na ni jembamba mno. Kwenye kope lina kama milimita 0.05 tu, wakati viganjani na nyayoni linaweza kufika milimita 1.5. Sehemu yake ya chini kabisa ndiko seli mpya zinakozaliwa. Kila seli inasukumwa juu na zinazozaliwa nyuma yake. Njiani inajaa keratini, ambayo ndiyo protini ya kucha na nywele, inakuwa bapa, inakufa, na mwisho inabanduka. Safari hiyo kwa mtu mzima huchukua takriban wiki nne, na umri ukienda inakuwa ndefu zaidi. Zile nongo unazozitoa kwa dodoki, sehemu yake kubwa ni seli hizo zilizomaliza kazi. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu cha "kubadilisha ngozi kwa siku tatu", mwili wenyewe haufanyi kazi kwa mwendo huo.

Seli zile bapa za juu zimelaliana kama makuti ya paa, na kati yake kuna mafuta ambayo ngozi inayatengeneza yenyewe. Paa la makuti halivuji kwa sababu kila kuti limefunika ungio la mwenzake. Ngozi nayo vivyo hivyo: maji ya mwilini hayapotei ovyo, na vijidudu vya nje havipati mwanya kirahisi. Ukisugua kwa mawe makali na sabuni kali kila siku, unang'oa makuti kabla ya wakati wake.

Halafu kuna seli za rangi. Hapa ndipo nilipotokwa na machozi mbele ya yule mama. Seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zimekaa sehemu ya chini kabisa ya epidemisi, na idadi yake kwa Mmakonde na kwa Mzungu wa Norwe inakaribiana sana. Tofauti iko katika melanini yenyewe, wingi wake na aina yake. Seli hizo zina mikono mirefu, na kwa mikono hiyo huwagawia majirani zao punje za rangi. Punje zikifika ndani ya seli jirani hukusanyika juu ya kiini, upande jua linakotokea, zikakifunika kama mwavuli. Kwenye kiini ndimo zimo DNA ambazo miale ya jua ikiziharibu, saratani inaweza kuanza. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la mchana linatusimamia utosini kabisa. Mimi nilikuwa nalipa hela kila mwezi ili mwavuli wangu ukunjwe.

Kama unadhani natia chumvi, tazama ndugu zetu wenye ualbino. Seli za rangi wanazo, ila hazitengenezi melanini ya kutosha au hazitengenezi kabisa, na saratani ya ngozi inawawahi wakiwa bado vijana. Ndiyo maana kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi ilianza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kuzuia jua kwa ajili yao. Wao wanahangaika kupata kinga ambayo sisi tumezaliwa nayo bure.

Tabaka la pili, demisi, ndiko kilio changu kilipo. Lenyewe ni nene zaidi, limefumwa kwa nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara na za elastini zinazoirudisha ukiivuta. Humo mna mishipa ya damu, neva zinazokuambia chai ni ya moto kabla hujaungua, mizizi ya vinyweleo, tezi za mafuta na tezi za jasho. Steroidi ikipakwa muda mrefu inazuia seli zinazotengeneza kolajeni zisifanye kazi yake. Ngozi inakonda. Mishipa ya damu inaonekana kwa nje, ukijigonga kidogo tu unavilia damu, na kwenye mapaja, makwapa na mikono inatokea michirizi mipana. Ndiyo sababu nyuzi za mshono wangu zilikata ngozi badala ya kuishikilia. Nilichukua zaidi ya miezi miwili kupona kidonda hicho.

Shika hili kuliko yote: epidemisi inajifanya upya, demisi haijifanyi upya kwa namna hiyo. Kilichoharibika juu, ukikipa muda, kwa kiasi kikubwa kinarudi. Kilichochanika chini kinaacha alama. Rangi yangu imerudi, michirizi iko palepale.

Tabaka la tatu ni la mafuta. Ni godoro la kuzuia kishindo, ghala la nishati, na linahifadhi joto. Sina la zaidi kulihusu.

Turudi kwenye jasho, maana kwa mtu wa Dar hili ni jambo la kila siku. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Joto likizidi, mishipa ya damu ya ngozi inatanuka ili joto litoke, na tezi zinamwaga jasho. Kinachopoza mwili ni jasho linapokauka, si linapotiririka. Hapa kwetu hewa imejaa unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho linakauka polepole, na ndiyo maana joto la Dar linachosha kuliko joto lilelile ukiwa Dodoma. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu vitundu vya jasho vinaziba na harara inatoka shingoni na mgongoni. Dawa yake ni kupoza mwili: oga, vaa nguo ya pamba isiyobana, kaa penye upepo, na usijipake mafuta mazito sehemu yenye harara. Wakati wa mkorogo mimi nilikuwa nafunika mwili mzima kwa krimu nzito kisha navaa mikono mirefu nisiungue. Siku moja navuka na pantoni saa saba mchana kwenda Kigamboni kwa shangazi, uso uliniwaka kama nimepakwa pilipili, nikajifunika mtandio mpaka tunashuka.

Kopo lisilo na lebo huwa na vingine zaidi ya steroidi. Haidrokwinoni inazuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza melanini. Ukiitumia miaka mingi inaweza kukugeuka, ngozi ikawa na madoa ya bluu-nyeusi yasiyofutika kirahisi, hasa mashavuni. Zebaki ni sumu. Inapenya ngozini, inaingia kwenye damu, inaumiza figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, ambao ni wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vya zebaki. Kwetu viambato hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini kopo la kuchanganywa uani halipiti mikononi mwa mkaguzi yeyote. Usilikubali, hata kama anayekupa unampenda.

Sasa wewe uliye ndani na unataka kutoka. Nilifanya kosa ambalo sitaki ulifanye. Niliporudi nyumbani kutoka hospitali nililitupa kopo usiku uleule. Siku chache baadaye uso ulivimba, ukawa mwekundu, ukawaka moto, ukatoa vipele mpaka mwanangu nikawa naogopa kumgusisha shavu. Ngozi iliyozoea steroidi kali ikiikosa ghafla inalipuka hivyo, na wengi wakiona hali hiyo wanarudi kwenye kopo wakidhani ndilo lililokuwa linawatibu. Na kama ulipaka mwili mzima kwa miaka, dawa huenda ilikuwa inaingia kwenye damu kiasi cha kuufanya mwili upunguze kutengeneza homoni yake wenyewe, na hapo kuacha ghafla ni hatari zaidi ya vipele. Kwa hiyo nenda kwa daktari kwanza. Mimi alinishusha taratibu kwa steroidi hafifu, na siku zikaachana, mpaka nikaacha. Ilichukua karibu miezi minane kabla sijaweza kutoka nje bila kuinamisha kichwa. Katika miezi hiyo utaambiwa umefubaa, umechakaa, ulikuwa mzuri. Mama yangu alikuwa akinipaka mafuta mgongoni kila usiku na hakusema neno, na sijui ningewezaje bila yeye. Tafuta mtu mmoja wa namna hiyo.

Matunzo yangu ya sasa ni machache na ya bei nafuu. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo: kwenye kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, iko kama 5, wakati sabuni ya mche iko karibu na 10. Iache ifue nguo. Kwa kuogea tafuta sabuni laini isiyo na manukato makali, na usijisugue kwa hasira. Ukitoka bafuni jifute kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, kazi yake ni kuyafungia ndani yale yaliyopo. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka umechelewa. Nje ya nyumba, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mwavuli au khanga kichwani. Na ukianza kutumia kipodozi kipya, kijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono kwa siku kadhaa.

Mtoto akitoka bato la mviringo, usimpake tyubu ya mama. Steroidi inapunguza wekundu na muwasho huku fangasi wanaoleta bato hilo wanasambaa chini kwa chini, na daktari akija kuona doa limebadilika sura hata kulitambua ni kazi. Peleka mtoto aonwe.

Vifundo vya vidole vyangu bado ni vyeusi kuliko mkono wote, alama ya mkorogo. Wadada wakija dukani huwa siwafichi. Ninapowakunjulia kitenge waone urefu wake, vinaonekana, na baadhi wananiangalia vidole kisha wananiangalia usoni. Mmoja alirudi Jumamosi duka likiwa limetulia. Kopo lake alikuwa amelifunga ndani ya leso, akaliweka juu ya meza bila kusema kitu. Jumatatu nikaomba ruhusa, tukapanda daladala pamoja. Daktari alilifungua, akalinusa, akamuuliza amelitumia kwa muda gani, naye akamwambia ukweli.