Amplifaya Iliyolala Majini Usiichomeke: Maswali Yenu na Majibu

Masika yakizidi, barua za safu hii hubadilika. Watu huacha kuuliza habari za sindano za santuri, wakaanza kuuliza habari za matope. Safari hii nimechagua barua saba, karibu zote za vyombo vya sauti vya miaka ya 1960 hadi 1980. Neno moja kwa wote kabla sijaanza: zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujakanyaga chumba chenye maji, kama swichi yenyewe inafikika pakavu, na vaa glavu. Maji ya mafuriko ya mjini yamepitia vyooni.

Shikamoo fundi. Maji yaliingia kwetu Kigogo usiku, yakafunika amplifaya ya Sansui ya marehemu baba. Sasa kwa nje imekauka. Kaka yangu anataka kuichomeka aone kama inawaka. Tumruhusu?

Marahaba. Msimruhusu, hata ikibidi plagi ikatwe. Chombo kilichokutwa na mafuriko kikiwa kimechomolewa mara nyingi hakifi palepale. Kinachokiua ni umeme unaoletwa baadaye, ndani kukiwa bado na unyevu na chumvi. Umeme ukipita kwenye tope lililolala kati ya miguu ya transista, zile transista kubwa za kusukuma spika hufa mara moja, na njia nyembamba za shaba kwenye bodi hulika. Ukavu wa nje usiwadanganye. Chini ya transfoma, na kati ya bodi na bati, maji yanaweza kukaa wiki na zaidi.

Fungueni kifuniko mpige picha za kila upande, hasa kila waya ulipoingia, maana mtazichomoa. Karibu na transfoma kuna kapasita kubwa mbili. Hizo hutunza umeme hata chombo kisipokuwa ukutani. Pimeni kwa mita. Volti zikiwapo, zimalizeni kwa rezista ya omu 1,000 hivi ya wati 5 au 10, mkishika kwa koleo lenye mpira, miguu yake igusane na miguu miwili ya kapasita kwa dakika nzima. Kisha pimeni tena. Msitumie bisibisi kama wafanyavyo mafundi wa haraka. Cheche ile huumiza kapasita, na inaweza kumuumiza mtu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalikubali wakilisikia mara ya kwanza: amplifaya iliyoingiwa na maji machafu inapaswa kuoshwa kwa maji. Tope likikaukia ndani, chumvi yake hubaki, na kila unyevu wa hewa ya Dar unapoigusa, inaendelea kula shaba. Mtaiona baada ya miezi kama unga wa kijani kuzunguka miguu ya vipuri. Kwa hiyo toeni kwanza mita za sindano, kwa sababu uso wake ni karatasi, na transfoma msiizamishe. Bodi zisugueni taratibu kwa mswaki laini, maji safi na tone la sabuni ya vyombo. Suuzeni vizuri. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa kuongezea betri ya gari. Hayo yameondolewa madini. Someni lebo, maana chupa ya jirani yake huenda ikawa asidi ya betri, na hiyo itamaliza bodi na vidole vyenu. Jik nayo isisogee hapo, inakula metali. Mkipata isopropili alkoholi ya asilimia 99, pitisheni mwisho kabisa kwa brashi. Inafukuza maji yaliyojificha chini ya vipuri. Ila isiguse maandishi ya usoni.

Kisha mwe na subira. Kivulini, feni ikipuliza, kwa majuma mawili angalau. Transfoma ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa kuwa maji huingia katikati ya mizunguko ya waya. Iwekeni kwenye sanduku la bati lenye tundu juu, pamoja na balbu ya nyuzi ya wati 40, joto liwe lile mkono unaloweza kulivumilia. Mtu awepo muda wote inapowaka. Ikikauka, fundi mwenye megga aipime kama haivujishi umeme kwenda kwenye bati.

Siku ya kuwasha, spika zikae mbali. Fundi aunge balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme. Ya LED haifai. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, ni dalili njema, kapasita zimejaa. Ikibaki inang'aa kuna shoti, na balbu imewaokolea transfoma. Halafu apime tundu za spika: ikizidi milivolti 50 hivi za umeme wa moja kwa moja (DC), bado kuna kazi. Zikiwa volti kadhaa, spika mtakayounga inaweza kuungua.

Nenda na kaka yako kwa fundi siku hiyo. Anayetaka kuichomeka sasa ana hamu ya kusikia, na hamu hiyo inastahili kutunzwa.

Mimi niko Kisumu. Jirani ameniambia nifukie redio yangu kwenye gunia la mchele siku tatu. Ni kweli inasaidia?

Hapana. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya transfoma, na vumbi lake la wanga huingia kwenye swichi na volyumu. Hewa inayotembea inaushinda kwa mbali. Na usianike juani. Plastiki za zamani hupinda. Mashine ya kukausha nywele nayo husukuma matope ndani zaidi.

Habari fundi. Ziwa Tanganyika lilipopanda, nyumba yetu ya Gatumba, Burundi, iliingiwa na maji. Redio tumepoteza, sawa. Ila kuna sanduku la kanda za kaseti: harusi ya dada yangu, sauti ya bibi akisimulia, nyimbo tulizorekodi redioni. Zimejaa matope. Zimekwisha?

Hazijaisha, na ningekuwa karibu ningekuja mwenyewe. Wasomaji wengi huniandikia kuhusu chombo, kanda wanazitaja mwishoni kama nyongeza. Mimi ningezitoa kanda kwanza. Sansui nyingine inaweza kupatikana kwa fedha, lakini sauti ya bibi yako ipo kwenye utepe ule mmoja tu.

Utepe wa kaseti ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma, na sauti imehifadhiwa humo kama usumaku. Maji hayafuti usumaku. Kinachoharibu ni mchanga unaokwaruza, ukungu unaoota ndani ya siku mbili au tatu, na tabaka za utepe kugandana zinapokauka na tope katikati. Kwa hiyo zile ambazo bado zimelowa msizianike kama zilivyo. Ziwekeni kwenye ndoo ya maji safi ya baridi mpaka zamu yake ifike, leo au kesho, msizisahau humo wiki nzima. Msiziweke kwenye friza. Na karatasi za majina zitoeni mapema, mkiandika kwa penseli ipi ni ya kaseti ipi. Kaseti kumi zilizosafishwa bila majina ni huzuni nyingine.

Kaseti nyingi zina skrubu tano ndogo. Zifungue kaseti ikiwa imelala mezani, upande wa skrubu juu, kisha geuza taratibu na uinue nusu ya juu. Tazama kabla hujagusa: utepe unapita kwenye roli mbili za pembeni, na katikati pana kipande kidogo cha sponji juu ya bati jembamba la shaba. Sponji ile ndiyo inayoubana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma sauti, na ndiyo ya kwanza kuharibika. Inua magurudumu yote mawili kwa pamoja na utepe wake, bila kuuvuta. Suuza kwenye bakuli la maji safi, halafu maji ya betri, bila sabuni yoyote na bila spiriti. Tingisha maji yatoke, laza juu ya kitambaa kisichotoa nyuzi, mbele ya feni, siku kadhaa. Moto hapana, jua hapana.

Wakati huo nunua kaseti mpya ya bei ndogo yenye skrubu, toa utepe wake utupe, na ganda lake libaki. Utepe wa bibi ukikauka kabisa, uhamishie kwenye ganda hilo. Zungusha kwa kalamu ya Bic kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisikia unakwama au unatoa sauti ya kubanduka, simama. Huo bado una maji. Kaseti iliyogandishwa badala ya skrubu hukatwa kwa wembe pembezoni mwa ganda, polepole.

Unapopiga, rekodi hapohapo, waya kutoka deki hadi kwenye kompyuta, kwa sababu huenda utepe ukakubali mara moja tu. Anza na kaseti usiyoijali sana ili mkono uzoee. Safisha hedi za deki kwa alkoholi kila baada ya kaseti moja. Pasipo na mtu wa kazi hii karibu, kausheni na mtunze pakavu. Kanda safi iliyokauka inaweza kusubiri.

Nina redio ya mbao ya Philips, ya taa, iliyovujiwa na paa hapa Tanga. Mbao ya juu imebanduka na kufanya malengelenge. Naweza kuishughulikia mwenyewe?

Mbao, ndiyo. Umeme wake, hapana. Redio za taa, zile za taa za kioo badala ya transista, hubeba volti 250 na zaidi ndani, na baadhi hazina transfoma: bati lote la ndani limeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Mpe fundi anayezijua, na mwambie asiiwashe kabla ya kupima kapasita za karatasi. Hizo hunyonya unyevu hata bila mafuriko.

Ganda la mbao liache likauke kivulini, taratibu. Likikauka haraka hupasuka. Gundi ya zamani ilichemshwa kutokana na mifupa na ngozi, nayo huyeyuka kwa maji, ndiyo maana ngozi ya mbao imenyanyuka. Ikishakauka, ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa sindano ya hospitali, tandika karatasi ya nailoni, weka ubao bapa na mzigo juu kwa usiku mzima.

Kioo chenye majina ya miji, London, Paris, Hilversum, usikifute kwa nyuma. Maandishi yamechapwa upande huo, na kitambaa chenye maji au spiriti kitaondoka nayo. Kipulize vumbi, basi.

Hapa South C, Nairobi, maji yalifika magotini. Spika zangu za sakafuni zimefura chini kama mkate. Je, koni za karatasi zitapona?

Koni zina nafasi nzuri kuliko sanduku. Sanduku la ubao wa vumbi la mbao likishafura halirudi, hata ulibane vipi. Chomoa spika zenyewe, zilaze uso juu, zikauke bila kuguswa kwa siku nyingi, kisha zisukume kidogo sana kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, koili imeshikwa na kutu au tope. Ya omu 8 ikipimwa kwa mita huonyesha karibu 6. Isipoonyesha chochote, waya umekatika. Kisha mpelekee seremala vipimo vya sanduku la zamani kwa ndani, akutengenezee mapya ya plaiwudi yenye ujazo uleule. Hapo usibadilishe, ujazo ndio unaotengeneza besi.

Santuri zangu Mombasa zimelowa pamoja na majalada. Nitumie spiriti?

Inategemea. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huziyeyusha. Pia hunyonya maji, kwa hiyo ziguse kidogo, uzikaushe upesi. Za plastiki ya vinaili, yaani za 45 na 33, osha kwa maji baridi na tone la sabuni, ukifuata mzunguko wa mistari, lebo ikae pakavu. Zisimamishe kivulini. Majalada yatenganishe kabla hayajagandana, na katikati uweke karatasi nyeupe, usiweke magazeti, wino wake huhama.

Niko Dubai. Mvua ya Aprili 2024 ilizamisha stoo iliyokuwa na risiva yangu ya Pioneer, yaani amplifaya yenye redio ndani. Fundi mmoja aliipulizia WD-40 kila mahali, mwingine anasema abadilishe kapasita zote. Nimwamini nani?

Wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa "zote" ni neno la kuulizia. Kapasita za umeme mkubwa na zilizovimba zibadilishwe, nyingine zipimwe. WD-40 huacha mafuta yanayoshika vumbi. Ioshwe kwa isopropili, na volyumu zipuliziwe dawa maalumu ya kusafishia swichi.

Kabla hujalipa, muulize fundi mambo mawili: transfoma ni nzima? Njia za shaba zimekatika ngapi? Transfoma ikiwa imekufa na bodi imelika kila upande, acha. Lakini usiitupe. Uso wa alumini, kioo, vitufe na kifuniko cha Pioneer kama hiyo vinatafutwa na mtu mwingine ambaye ya kwake ni nzima ndani na imevunjika nje.