Mchapuko wastani wa gari linalopunguza mwendo
Umeuliza kwa nini umepata −10.8, ilhali kitabu kinasema −3, kwa gari lililopunguza mwendo kutoka kilomita 72 kwa saa hadi 18 kwa saa ndani ya sekunde 5. Kutoa na kugawanya kwako ni sahihi. Kilichopotoka ni vipimo, kwani mchapuko wastani ni badiliko la kasi likigawanywa kwa muda, na kitabu kinataka kasi hiyo iwe katika mita kwa sekunde. Gawanya kila kasi kwa 3.6, upate 20 na 5, kisha toa kasi ya awali kutoka kwa ya mwisho: 5 − 20 = −15, na −15 ÷ 5 = −3, yaani mita 3 kwa sekunde zinapungua katika kila sekunde.

Tafadhali usiifute alama ya kutoa, kama wengi wafanyavyo. Haimaanishi kwamba gari linarudi nyuma, bali kwamba mchapuko unaelekea kinyume cha mwendo. Pia, −3 ni wastani tu. Huenda breki zilikamatwa kwa nguvu zaidi mwanzoni kuliko mwishoni.