Uliza Ujibiwe: Kujitolea Nchi Jirani

SWALI: Asalaam alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 23, mkaazi wa Wete. Nimeletewa kwenye simu tangazo la kujitolea Mombasa kwa miezi sita, kupanda mikoko na kusomesha watoto, ila natakiwa nitume kwanza shilingi 150,000 za usajili. Mzee wangu amekataa. Rafiki yangu naye ananiambia vijana wa Ulaya hugharimiwa kila kitu, bora niombe huko. Nishike lipi? Msomaji, Wete.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Rafiki yako amesema kweli nusu. Umoja wa Ulaya una Kikosi cha Mshikamano, ambacho huchukua vijana wa miaka 18 hadi 30, si wa nchi wanachama peke yao bali hata wa majirani zao, kama vile Georgia, Moroko na Tunisia. Kijana hulipiwa nauli, chakula, malazi na bima, akapewa na fedha kidogo ya mfukoni, wala hatozwi ada ya kushiriki. Lakini majirani hao ni wao, sisi hatumo, kwa hivyo usimalize bando lako kuitafuta fomu. Umoja wa Afrika nao ulianzisha kikosi chake cha vijana wa kujitolea mwaka 2010, kwa wenye miaka 18 hadi 35, na anayechaguliwa hupelekwa nchi nyingine ya bara hili kwa mwaka mmoja. Huko ndiko pa kuomba.

Ama Mombasa, ambako nusu ya Wapemba tuna shangazi, hilo tangazo linanitia shaka. Anayekwenda kujitolea anatoa nguvu zake. Wenyeji wanaotaka fedha kabla hata ya kukuuliza unajua nini, hawakutafuta mfanyakazi. Nami niliwahi kwenda ng'ambo ya bahari kwa ahadi ya mikoko kama hiyo. Miche niliyoipanda haikufika ishirini. Siku zilizobaki nilifagia ofisi na kuwachemshia wakubwa chai, kwa kuwa barua niliyopewa iliandika “shughuli mbalimbali” na mimi nikaitia saini bila ya kuuliza.

Basi waandikie leo, uwatake barua yenye jina na anuani ya taasisi, kazi utakayoifanya siku kwa siku, pahala utakapolala, na nani atakutibu ukiugua. Waulize pia nani atashughulikia kibali chako, maana Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika mwaka 2010, limetulegezea mpaka, lakini mtu wa kujitolea miezi sita si mgeni wa arusini. Hata kwetu Tanzania, mgeni anayekuja kujitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C.

Wakikujibu kwa kukutumia tena nambari ya kulipia, ifute. Wakileta barua, mpe mzee wako aisome kwanza, kisha uende nayo Uhamiaji unapoomba pasipoti, kwani huko utaulizwa sababu ya safari.