Saa iko juu ya ukuta, au ukutani?

Msomaji mmoja anauliza: "Mwalimu, nimeandika 'saa iko juu ya ukuta', mhariri akafuta akaweka 'ukutani'. Si ni kitu kilekile?"

Hapana ndugu yangu, mhariri yuko sahihi kabisa. Mimi nikisoma "juu ya ukuta" naiona saa imekaa kule ukuta unapoishia, kama paka aliyepanda. Kikombe kuwa juu ya meza sawa, uso wa meza unatazama juu, lakini ukuta umesimama. Nzi naye vilevile, akiwa ameganda darini ukaandika "juu ya dari" umeshamhamishia upande wa pili kwenye mapaa na popo.

Tatizo linaanza pale mtu anapodhani kila lugha imeigawa nafasi kwa visu vilevile. Wajerumani kikombe cha mezani wanakipa auf, picha ya ukutani wanaipa an, na taa inayoning'inia bila kugusa meza wanaipa über, wakati Mhispania kikombe na picha vyote anaweza kuvimaliza kwa en moja. Wakorea wao wana kitenzi kkita wanachotumia kitu kikiingia kwa kubana, iwe ni pete kidoleni au kitabu kwenye jalada lake, kubana ndio muhimu sio ndani au nje. Halafu kuna Waguugu Yimithirr wa Queensland, Australia, kwa kawaida hawasemi kushoto wala kulia, wanakwambia kitu kiko kaskazini ya mguu wako!

Sisi tuna -ni, ambayo yenyewe inasema tu "mahali hapo", kazi iliyobaki inafanywa na kitu chenyewe na kitenzi. Ndio maana kikombe kiko mezani maana yake kiko juu yake, ila watoto wako mezani wamekaa wanakula, hakuna anayewaza wamepanda.

Na maneno haya hayatulii. "Chini" ni nchi na -ni, yaani ardhini, leo tunasema chini ya miaka 10 na ardhi haipo hapo kabisa. "Juu ya" imeshakuwa "kuhusu", na Kenya mitaani utasikia "sikuja juu nilikuwa mgonjwa", yaani kwa sababu. Kwenye mazungumzo mimi sina ugomvi nayo, ni lugha inatembea, ila "juu ya ukuta" ni kitu kingine, hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno ya Kiingereza "on the wall" na inampotosha msomaji saa iko wapi.

Kwa hiyo andika "saa imetundikwa ukutani", tangazo "limebandikwa" ukutani, na mjusi "amenata" ukutani.