Kabla Hujafunua Ukurasa

Mwalimu mpya wa chekechea akipewa kitabu cha picha cha wanyama wa shambani, hukimbilia milio. Anawika kama jogoo, analia kama punda, watoto wanaangua kicheko, naye anaona kazi imekwenda. Lakini hapo wamemcheka yeye, kitabu hawajakiona. Kichekesho cha vitabu hivi mara nyingi hukaa pale unapofunua ukurasa.

Chukua mfano: ukurasa wa kulia, bata amepanua mdomo, ukifunua, anasema "meee". Mkono ukitangulia kufunua huku mdomo bado unasoma, wameshaona na utani umekufa. Maliza sentensi, shika kona ya ukurasa, nyamaza, hesabu moyoni hadi 3, ndipo ufunue. Katika kimya hicho wanabashiri "kwaa kwaa", na asiyebashiri hana cha kumshangaza.

Kuna sharti moja, nalo husahauliwa sana: bata anayelia kama mbuzi humchekesha anayejua bata hulia vipi. Wa miaka 2 huenda hajui, atakukodolea macho tu. Kwa hiyo anza na jalada, dakika 2 hivi. Wataje wanyama 3 au 4 wanaobeba hadithi, na watoto watoe mlio wa kila mmoja. Ukiwataja wote, wadogo watachoka kabla hujaanza.

Wasipocheka, usiwaelezee utani. Rudi ukurasa mmoja, uliza, "Bata hulia vipi?", kisha funua upya.

Wakae nusu duara, 8 wanatosha, kitabu kikiwa usawa wa bega lako na picha zikiwatazama wao. Kisome mwenyewe mara 2 kabla, usije ukawa unachungulia maneno. Angalia pia kidole gumba chako kisizibe picha: wachoraji hupenda kuficha kipanya au kifaranga mtundu chini pembeni, hapohapo unaposhikia.

Ishara ya kunyamaza, kwa mfano kufumba ngumi, kubalianeni mapema. Darasa likishaanza kubweka, umechelewa.

Na yale maswali ya "huyu nani, ana rangi gani?" kila ukurasa, yaache, hadithi inageuka mtihani. Mawili kwa kitabu kizima yanatosha.

Kesho yake soma kilekile. Siku ya tatu kosea makusudi, mpe bata "kwaa kwaa" yake, uone watakavyokurukia kukusahihisha.