Je, mwenye shaka anaweza kutumwa kwa maskini?

SWALI: Mchungaji, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 27. Kanisa letu limekubali kunituma Kolkata, nchini India, nikahudumie wagonjwa maskini kwa miaka miwili. Hata hivyo, kwa muda mrefu sasa kila ninapoomba nahisi kwamba hakuna anayenisikiliza, nami sijamwambia mtu yeyote. Nilipojitolea, nilitumaini kwamba nikiishi na maskini imani yangu itanirudia. Sasa naogopa kwamba nitawahubiria watu kitu nisicho nacho. Nifanye nini?
Msomaji, Fort Portal

JIBU: Binti yangu, nakushukuru kwa kuliandika jambo hili waziwazi. Fungua Mathayo sura ya 28, pale Bwana anapowatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote. Mstari wa 17 unasema kwamba walipomwona walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Wala hatusomi popote kwamba wenye shaka waliwekwa kando ili waliobaki wapewe agizo. Wote kumi na mmoja walitumwa. Kwa hiyo shaka peke yake haikuzuii kwenda.

Linalonitia wasiwasi ni lile tumaini lako kwamba maskini watakurudishia imani. Katika mji huohuo unaokwenda, Mama Teresa alianza kuwahudumia watu wa mitaa ya mabanda mwaka 1948, akaanzisha shirika lake mwaka 1950, na mwaka 1952 akafungua nyumba ya wanaokaribia kufa huko Kalighat. Barua alizowaandikia mapadri waliomwongoza, ambazo yeye mwenyewe alitaka ziteketezwe, zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, nazo zinaonyesha kwamba giza la rohoni mwake, la kuomba bila kuonja uwepo wa Mungu, lilianza karibu na wakati uleule alipoianza kazi hiyo, na kwamba halikumwondokea kwa miongo mingi ila kwa kipindi kifupi. Kama kuwahudumia maskini kungekuwa dawa ya hali yako, yeye angekuwa wa kwanza kupona. Wapo walioziita barua hizo ushahidi wa unafiki. Mimi naona ndani yake uaminifu wa mtu aliyeendelea kusali na kufanya kazi bila kupewa faraja. Lakini angalia kwamba yeye, tofauti na wewe, aliwaeleza waliomlea kiroho.

Mgonjwa hakulazwa pale ili akuponye wewe. Anahitaji muuguzi anayejua kazi yake, na katika hilo hata nyumba za Mama Teresa hazikukosa lawama: mwaka 1994 mhariri wa jarida la kitabibu la Lancet, baada ya kuitembelea nyumba ya wanaokufa, aliandika kwamba dawa kali za kutuliza maumivu hazikuwapo na kwamba matibabu hayakuwa na utaratibu. Ujuzi wako ni kitu ulicho nacho hakika, leo, hata siku ambayo sala yako ni kavu.

Ninyi watu wa Toro mnamfahamu Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda aliyevuka kutoka kwenu kwenda Mboga, nchini Kongo, mwaka 1896, akapigwa, akashtakiwa kwa kifo cha dada wa mtawala wa huko, akaletwa Fort Portal akiwa mfungwa, na alipoachiliwa akarudi kulekule, ambako alifariki mwaka 1933. Yeye alisimulia kwamba katika dhiki yake alimwona Kristo akimtia moyo. Mama Teresa hakujaliwa faraja ya namna hiyo katika miaka yake ya giza, naye pia alibaki kazini. Basi usiisubiri kama sharti la kuanza.

Nenda kwa kiongozi wa idara ya misheni kabla tiketi haijanunuliwa, umweleze yote uliyonieleza mimi. Omba upangiwe uuguzi, si kuhubiri, na ukiombwa kutoa ushuhuda ambao huna, kataa kwa heshima. Anza kujifunza Kibengali mapema, kwa kuwa mgonjwa atakueleza maumivu yake kwa lugha hiyo. Viongozi wakiona inafaa usubiri mwaka mmoja, kubali bila kinyongo, maana wagonjwa maskini wapo Fort Portal pia. Wakikutuma, nenda, na umchague mtu mmoja utakayemwandikia kila mwezi ukweli wote kuhusu sala zako.