St. Petersburg: anzia majini

Kama unajiandaa kwenda St. Petersburg, makumbusho yasubiri kwanza. Siku ya kwanza panda boti.

Peter Mkuu, mfalme (Tsar) wa Urusi, alipouanzisha mji huu mwaka 1703, kwenye kinamasi pale mto Neva unapoingia Ghuba ya Finland, alitaka watu wake wazoee vyombo vya majini. Daraja la kwanza la kudumu kuvuka Neva lilifunguliwa mwaka 1850. Kabla ya hapo watu walivuka kwa mashua na madaraja ya kuelea, na wakati wa baridi walipita juu ya barafu. Ndiyo maana majumba mengi makubwa yameuelekea mto. Ukipita barabarani unaona ukuta na madirisha tu. Ukiwa majini unaliona jumba zima, la njano, kijani au waridi, na ngazi za mawe zinazoshuka hadi kwenye maji.

Boti kubwa hubaki kwenye Neva. Tafuta zile ndogo zinazoingia mito midogo ya Moika na Fontanka na mfereji wa Griboyedov. Huko madaraja mengine yako chini sana, hata abiria hawaruhusiwi kusimama. Unaona misumari ya chuma ikipita juu ya kichwa chako na unasikia baridi ya mawe yaliyolowa. Maelezo mara nyingi hutolewa kwa Kirusi, kwa hiyo jisomee kidogo kabla. Na beba koti, hata mwezi Juni. Upepo wa mto ule hauna huruma kwa mtu aliyezoea joto la Dar es Salaam.

Utagundua pia kwamba paa za katikati ya mji karibu zinalingana. Mwaka 1844 Tsar Nicholas I alikataza nyumba za watu binafsi kulizidi kwa urefu Jumba la Majira ya Baridi, makao ya wafalme. Kinachochomoza ni makuba na minara. Panda ngazi 262 za kanisa la St. Isaac ujionee mwenyewe.

Sasa suala la malazi, ambalo wageni wengi hulipuuza. Kuanzia Aprili hadi Novemba, madaraja makubwa ya Neva huinuliwa usiku kupisha meli, kati ya saa saba na saa kumi na moja alfajiri hivi. Treni za chini ya ardhi nazo huwa zimeshafunga. Ukilala kisiwa cha Vasilyevsky ukachelewa katikati ya mji, huenda ukasubiri hadi kupambazuke. Mimi napendekeza upange upande wa Nevsky Prospekt, barabara kuu ya katikati ya mji, uende kwa miguu kulitazama Daraja la Jumba likifunguka, kisha urudi kulala. Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa nne na nusu usiku na giza halikamiliki.

Kwa Waislamu, hilo linagusa swala ya isha. Pitieni msikiti mkuu wenye kuba la buluu, karibu na kituo cha Gorkovskaya, mpate ratiba ya swala ya hapo. Msikiti huo ulifunguliwa mwaka 1913, na ni mzuri mno hata kwa asiyekwenda kuswali.

Hermitage, makumbusho makubwa ya sanaa, hufungwa Jumatatu. Usijaribu kumaliza vyumba vyote, chagua vichache uvitazame kwa utulivu. Bora ubakize nguvu za kwenda Moika namba 12, nyumba aliyofia mshairi Pushkin mwaka 1837 baada ya kupigwa risasi kwenye pambano la watu wawili. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyeletwa akiwa mtoto kwa Peter Mkuu, akaja kuwa mhandisi na jenerali wa jeshi. Mshairi ambaye Warusi wanamuenzi kuliko wote ana damu ya bara letu, na nadhani kila Mwafrika anayefika pale anapaswa kuingia nyumba ile.

Mwisho, pesa. Tangu Machi 2022, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko. Beba dola au euro taslimu, noti safi zisizochanika, ubadilishe benki kidogo kidogo. Lipia malazi na uhakikishe booking yako kabla hujaondoka nyumbani.